Fundi Lifti na Muuguzi wa Usingizi

Lifti ya hospitali kuu ilikuwa na tabia moja mbaya: haikuharibika siku za mapumziko. Ilisubiri Jumatatu, saa mbili asubuhi, ukumbi wa chini ukiwa umefurika ndugu wenye vikapu, wanafunzi wa udaktari wenye makoti mapya, na wagonjwa ambao hawakuwa na nguvu za kupambana na ngazi. Jumatatu hiyo watu zaidi ya arobaini walikuwa wamesimama mbele ya milango ya chuma iliyoachwa wazi, na pale mlangoni kilichoonekana ni miguu ya mwanamume. Miguu tu, ndani ya ovaroli ya buluu na viatu vizito. Kichwa na mabega vilikuwa vimezama kwenye shimo la lifti.

"Wewe mwenye miguu," ilisema sauti ya mwanamke juu yake. "Unatoka lini huko?"

Mwenye miguu akajivuta nyuma, akaketi, akainua uso uliojaa grisi shavu zima. Mbele yake alisimama muuguzi wa wodi ya upasuaji. Gauni lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi ya kisawasawa, saa ndogo imebanwa kifuani, nywele zimesukwa mistari myembamba na kufungwa nyuma. Mkono mmoja alikuwa ameuweka kwenye kitanda cha magurudumu, na juu ya kitanda hicho alilala mzee mwembamba aliyeng'ang'ania shuka kwa mikono miwili.

Fundi alitaka kujibu kwa ukali, maana tangu afike alikuwa akisemwa na kila mpita njia. Ila alipoziona zile nyusi zilizopandishwa, ukali ukamwishia mdomoni.

"Nipe dakika kumi, Sista."

"Mgonjwa wangu hajala wala kunywa tangu jana. Wewe asubuhi umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Basi hapa mwenye shibe ni wewe peke yako. Nakupa nane."

Alitumia tisa. Muuguzi akatazama saa yake asiseme kitu, na kwa waliomfahamu hiyo ilikuwa asante kubwa.

Fundi akapanda nao mpaka ghorofa ya nne, eti kuhakikisha lifti iko sawa. Mlango ulipofunga, yule mzee akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikatoa mlio. Akauliza kwa sauti ndogo itakuwaje akilazwa usingizi asiamke. Sista hakumwambia asiogope. Alimwinamia, akamuuliza kazi yake ilikuwa nini enzi zake. Mzee akasema alikuwa kinyozi. Sista akataka kujua kichwa gani kilimsumbua kuliko vyote, na mzee akaanza kisa cha bwana harusi mmoja aliyezimia kitini nusu ya ndevu zikiwa zimenyolewa na nusu bado. Walipofika juu mzee alikuwa anacheka, na shuka ameliachia.

Fundi alikuwa amesimama kwenye kona, bisibisi mkononi, mdomo wazi.

"Fundi, tumefika," Sista akamwambia. "Tupishe."

Wiki ile fundi alirudi hospitalini mara tatu. Mlinzi wa getini akamwambia waziwazi kuwa lifti ile haijawahi kupendwa namna hiyo tangu inunuliwe. Mara ya tatu fundi alibandika ndani ya lifti karatasi mpya ya namba za dharura, na chini ya namba ya kampuni yake akaandika kwa kalamu namba yake mwenyewe. Akamwonyesha Sista kwa uso mkavu, kama mtu anayefundisha usalama kazini.

"Ukikwama, piga hii ya chini. Hawa wa juu hawapokei."

Ijumaa simu yake ikaita.

"Fundi, nimekwama."

Fundi alisharuka kutoka kitini, spana mkononi. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini. Nje ya geti. Zamu imeisha, mvua inanyesha, na sina mwavuli."

"Hiyo si dharura ya lifti."

"Basi nitawapigia wa juu."

"Usiwapigie. Nakuja."

Alikuja na mwavuli mmoja mdogo. Kila mmoja akausukumia upande wa mwenzake, na kwa hisani hiyo wakafika kituo cha basi wote wawili wamelowa chapachapa. Hivyo ndivyo yalivyoanza.

Sista alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, karani wa posta, katika vyumba viwili juu ya duka la vitabu. Kati ya chumba na chumba palikuwa na pazia tu, na pazia halizuii sauti ya mtu anayependwa. Fundi alikuwa akipiga simu kila jioni saa moja, akimwita laazizi, akimwita roho yangu, akimsimulia majengo aliyoshinda humo. Sista aliendelea kumwita Fundi, lakini kwa namna ambayo dada yake, nyuma ya pazia, alisema hata yeye anatamani kuwa fundi.

Mama yake Fundi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Siku mwanawe alipomleta Sista nyumbani, mama alitoa futi ya kitambaa shingoni akampima mabega kabla hata hajampa kiti. "Mabega mazuri," akasema. "Gauni litakaa." Tangu hapo akawa anamwita mkwe, na hakuna aliyemrekebisha. Mama alikuwa mcheshi, ila kila alipokanyaga cherehani mkono mmoja aliubana tumboni. Alikuwa na ngiri ya kitovu, na kwa miezi minne alikuwa akisubiri siku yake ya upasuaji. Daktari mpasuaji alikuwa akija hospitali kuu mara moja tu kwa wiki na kuondoka saa sita mchana, na foleni yake ilikuwa ndefu.

Fundi naye alikuwa na mipango yake. Alishapata vyumba viwili vyenye dirisha la kuelekea barabarani, na akapima ukuta kwa futi ya chuma kuona kama kitanda cha watu wawili kitaingia. Kitaingia, alimwambia Sista, na nafasi ya kabati itabaki. Sista alitabasamu akanyamaza. Fundi akadhani ni haya.

Haikuwa haya. Sista alikuwa na siri, na siri yenyewe ilitoka ghorofa ya nne.

Pale hospitalini palikuwa na mtu mmoja tu wa kulaza wagonjwa usingizi. Alikuwa muuguzi mzee, mfupi, mwenye kofia ya kijani iliyopauka, na kila mtu alimwita Babu Usingizi. Siku moja aliletwa dada mmoja wa dharura, msaidizi wa Babu akiwa anaumwa, na Sista aliyempeleka mgonjwa akaamriwa abaki. Upasuaji ulipokwisha Babu akamwita kichwani kwa mgonjwa. Akamshika vidole, akaviweka nyuma ya taya la yule dada, akamwambia aliinue kidogo, hivi, alishike hapo. Sista akainua. Pumzi iliyokuwa ikikoroma ikanyooka, ikatoka safi, ikapita juu ya mkono wake. Ilikuwa ya moto.

"Unaisikia?" Babu akauliza.

"Naisikia."

"Ukiachia taya, inakwama. Sasa hivi huyu hana mtu mwingine duniani ila wewe. Na akiamka hatakukumbuka. Atamshukuru daktari." Babu alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja saa. "Kazi hii inataka mtu asiyehitaji kukumbukwa."

Sista alilishikilia lile taya dakika ishirini. Alipotoka pale mikono ilikuwa inamuuma mpaka viwiko, na moyoni alikuwa ameshaamua, ingawa yeye mwenyewe alijua hivyo baada ya siku tatu. Babu alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Chuo cha wauguzi wa usingizi kilikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na masomo yake ni miaka miwili. Sista akajaza fomu. Akafanya mtihani. Kila Alhamisi baada ya zamu alikuwa akipanda ghorofa ya nne kujifunza vitu vidogo vidogo, na kitu cha kwanza Babu alichomfundisha hakikuwa dawa wala mashine. Kilikuwa swali.

"Usimuulize mgonjwa kama amekula. Kila mtu hajala. Muulize: kitu cha mwisho kupita kooni kilikuwa nini, na saa ngapi? Halafu nyamaza. Ukinyamaza, atasema."

Barua ya kukubaliwa chuoni ilifika wiki ileile ambayo mama alipewa siku ya upasuaji. Sista aliisoma mara nne, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Atamwambia Fundi mama akishapona, alijisemea. Mapenzi yana werevu wake, na mara nyingi werevu huo ni woga uliovaa nguo nzuri.

Siku ya mama ilipofika, Sista aliingia zamu saa moja na nusu. Mama alikuwa amelala kitanda cha dirishani, amevaa gauni la kijani la hospitali lililofungwa mgongoni, ambalo tayari alishalilaani kwa ushonaji wake mbovu. Fundi alikuwa pembeni kwa shati jeupe, amenyoa, na nywele zimechanwa kwa maji. Fomu ilikuwa mguuni mwa kitanda, imejazwa na muuguzi wa zamu iliyopita. Penye swali la chakula paliandikwa: Hajala. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni kusukuma kitanda.

Sista akashika kitanda. Kisha akakiachia.

"Mama, kitu cha mwisho kupita kooni kilikuwa nini?"

"Sijala kitu, mkwe. Tangu jana."

Sista akanyamaza. Mama akamtazama. Fundi akatazama dirisha.

"Chai tu," mama akasema. "Ya maziwa. Nilikuwa naona kizunguzungu, nikampigia huyu akaniletea kwenye chupa. Wala kikombe hakikujaa sana."

"Saa ngapi, mama?"

"Saa kumi na mbili na nusu hivi. Lakini chai si chakula, mwanangu. Chai ni ya kulainisha koo."

Sista akahesabu saa kichwani. Upasuaji ulikuwa saa tatu. Maziwa yalihitaji saa sita kutoka tumboni, na saa sita hizo zingefika daktari akiwa ameshaondoka. Foleni iliyofuata ilikuwa wiki tano mbele. Wiki tano za mama kubana tumbo kwa mkono na kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

Fundi alimsogelea akasema kwa sauti ya chini. "Sista, fomu si imeshaandikwa. Acha ilivyo. Hajala, na kweli hajala."

"Amekunywa maziwa."

"Miezi minne amesubiri. Unamwona alivyo. Ni chai tu." Kisha akasema lile ambalo baadaye angetamani kulimeza. "Kwani wewe ni wetu, au ni wa kwao?"

Sista alikirudisha kitanda ukutani, akafunga breki za magurudumu kwa mguu, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kumwambia Babu.

Upasuaji ukaahirishwa. Mama alilia kidogo, kisha akaomba chai ya pili, maana ya kwanza imeshamponza. Fundi hakucheka. Alisimama kwenye varanda ya wodi na mfuko wa nguo za mama mkononi, uso ameukunja, na Babu Usingizi aliyekuwa akishuka kuja kuongea na mgonjwa akaona amtulize.

"Usimlaumu huyu, kijana. Amefanya sawasawa, na ndivyo ninavyomtaka. Mwezi ujao anakwenda chuo, miaka miwili tu hiyo, halafu anarudi kukaa kwenye kiti changu."

Fundi akamgeukia Sista. "Chuo gani?"

"Cha usingizi," Sista akasema. "Barua ninayo mkobani, nilitaka mama apone kwanza." Babu akaelewa kuwa ametia mguu pasipo pake, akajipitisha kwenda wodini.

"Mimi napima ukuta wa kitanda," Fundi akasema, "kumbe mwenzangu ana barua mkobani. Kumbe kazi umeshaianza, na umeanzia kwa mama yangu."

"Nisikilize kidogo, Fundi."

"Nimesikia vya kutosha leo."

Akashuka kwa ngazi. Laiti angekaa dakika tano zaidi, angesikia Babu akimweleza mama, ameketi ukingoni mwa kitanda kama mjukuu wake, kwamba mtu akilazwa usingizi koo nalo hulala, na kilichomo tumboni hupanda, na koo halina mlinzi. Maziwa yakiingia mapafuni, Babu alisema, tunaweza kukupoteza kwa nusu kikombe. Mama aliyasikia yote. Jioni alimsimulia mwanawe neno kwa neno, na mwanawe alisema sawa mama, nimeelewa, huku akiendelea kununa. Mtu akishakasirika kwa mambo mawili, ukimtolea moja hujificha nyuma ya jingine.

Simu ya saa moja jioni ikanyamaza. Lifti ya hospitali ilipopata hitilafu, kampuni ilimleta fundi mwingine, mwanamume mnene aliyepiga miluzi. Sista akawa anapanda ngazi.

Chuo kilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Siku mbili kabla, Sista aliketi mezani na karatasi mbili: moja ya kukubali, moja ya kukataa. Dada yake alikuja nyuma yake na taulo kichwani, akazisoma zote mbili bila kuombwa.

"Ukikataa, atarudi?" dada akauliza.

"Huenda."

"Na akirudi, utafurahi?"

Sista akafikiri. Akamwona Fundi kwenye vyumba vile viwili vyenye dirisha la barabarani, amekaa kitandani, anacheka, na yeye mwenyewe amemkalia karibu. Ilikuwa picha nzuri na aliitaka sana. Kisha akaiona mikono yake ndani ya picha hiyo, imelala tu magotini. Akaanza kulia, akalia mpaka dada akamfuta uso kwa lile taulo bichi. Alipomaliza aliichana karatasi ya kukataa, akaenda mwenyewe kuiposti ile nyingine, na alirudi akijua kwamba ameshampoteza mwanamume anayempenda na kwamba hajakosea.

Siku ileile, upande mwingine wa mji, Fundi alikuwa juu kabisa ya jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili, kwenye ukaguzi wa kila mwezi. Alipitisha kitambaa kwenye kamba ya chuma inayobeba lifti, na kitambaa kikanasa. Akawasha tochi. Nyuzi kadhaa za kamba zilikuwa zimekatika. Alifanya kama siku zote: akazima umeme wa lifti, akafunga kufuli kwenye swichi, akatia ufunguo mfukoni, akashuka kutundika ubao mwekundu mlangoni.

Meneja wa jengo alimkuta pale. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kunukia marashi makali, na nyuma yake walisimama wageni watano wenye mikoba.

"Fundi, fungua. Ni safari moja tu, tunakwenda juu."

"Kamba imeanza kukatika, mkuu. Haiwezekani mpaka ibadilishwe."

"Imebeba watu mwezi mzima. Itashindwa leo?"

"Sijui. Ndiyo maana nimeifunga."

Meneja akamvuta pembeni, akapunguza sauti. "Miaka mitatu unakuja hapa, tunakuheshimu. Leo unaniaibisha mbele ya watu. Kwani wewe ni wa kwetu, au ni wa kule kampuni?"

Fundi akasikia ndani yake maneno yake mwenyewe ya wodini. Alimtazama meneja usoni kwa muda mrefu, mpaka meneja akaanza kujishika tai. Wageni wakapanda ngazi wakiguna. Fundi akaketi juu ya sanduku lake la vifaa chini ya ule ubao mwekundu, akashika kichwa, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Akatoa simu.

Ilipokelewa mlio wa pili.

"Sista."

"Nakusikia."

"Ile chai niliimimina mimi. Kwa mkono wangu. Nikampulizia ipoe."

"Najua, Fundi."

"Ningemuua mama yangu, na mtu aliyenizuia nikamwacha varandani."

Nyuma ya sauti yake zilisikika kelele za wodi, magurudumu na kikohozi cha mtu. "Hukujua," Sista akasema. "Ungejua usingemimina. Wewe hata lifti huoni haya kuifunga ikiwa na hatari." Akavuta pumzi. "Na mimi nina kosa langu. Ile barua nilipaswa kukuonyesha siku niliyoipata. Hata ile fomu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nisiende. Na niliogopa zaidi kwamba ningekusikiliza."

Fundi alilipokea hilo. Lilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja.

"Umeshawajibu?" akauliza.

"Leo asubuhi. Nimesema nakwenda. Nilijibu nikidhani wewe hutapiga tena."

"Nimepiga."

"Nimeona. Sasa acha kulia, utaingiza maji kwenye simu."

"Nani analia?" akasema Fundi, akijifuta kwa kiwiko cha ovaroli.

Mama alifanyiwa upasuaji wiki mbili baada ya simu hiyo, zile wiki tano za foleni mpya zilipotimia. Safari hii hata maji hakugusa, na mwanawe naye hakula wala kunywa tangu jana yake, eti hawezi kushiba mama yake akiwa na njaa. Mama alimwambia Sista kwamba amemkataza mpaka amechoka, na kwamba mwanamume wa namna hii ni mzigo, ajipange. Babu Usingizi alimpa Sista kofia ya kijani na kumwonyesha pa kusimama: kichwani kwa mama.

"Nitaanza kuota saa ngapi?" mama akauliza, macho yakizunguka kwenye taa.

"Sasa hivi, mama. Niambie kwanza, sare gani ni ngumu kushona kuliko zote?"

"Zile zenye marinda. Mwalimu mkuu wao anataka kumi na sita. Nikamwambia kumi na mbili yanatosha, naye..." Hapo mama akalala. Babu akampa Sista ishara, naye akaweka vidole nyuma ya taya lile analolijua kwa vicheko, akaliinua kidogo. Pumzi ikaja. Alikaa nayo mpaka mwisho, hakufikiria kitu kingine, na hakuwahi kumpenda mama yule kama muda ule ambao mama hakujua kama Sista yuko pale.

Nje, Fundi alikuwa kwenye benchi la ukutani, shati jeupe limekunjamana mgongoni. Mlango ulipofunguka aliinuka haraka mpaka akayumba kwa njaa. Sista alikuwa amevua barakoa, na mstari wa kofia umechoreka kwenye paji la uso.

"Ameanza kuamka," akasema. "Anamgombeza mwalimu mkuu."

Fundi akaketi tena. Sista akaketi kando yake, mabega yakagusana.

"Jumapili unaondoka," Fundi akasema.

"Basi la asubuhi."

"Nimefikiri sana hapa nilipokaa. Sikuombi ubaki, laazizi. Nakuomba uende ukiwa mchumba wangu." Alizisugua kucha zake, ambazo safari hii hazikuwa na grisi hata chembe. "Pete sina. Nilitaka kuitafuta kwanza ndipo niseme, lakini njaa imeniharakisha."

Sista akacheka, akajifunika mdomo kwa kofia. Kisha kicheko kikaisha, akamtazama vizuri.

"Miaka miwili, Fundi. Utachoka."

"Mji mzima huwa unanisubiri mimi, umesimama mbele ya milango, unanitukana. Mara moja na mimi nisubiri, nione wanavyojisikia."

"Na nikirudi, nitakuwa kwa watu wenye visu siku nzima. Nitarudi nyumbani nimechoka, sitaki kuongea."

"Nitanyamaza. Nilikuona ukimfanyia mama: mtu akinyamaziwa husema."

Sista akaushika mkono wake. Aliushika kwa vidole vilevile vilivyolishika taya la mama, akaubana kwa nguvu, na machozi yakamtoka bila yeye kuyazuia.

"Nimekubali," akasema. "Nimekubali kabisa. Sasa niachie mkono."

"Kwa nini?"

"Mama yako hajaamka sawasawa, na anayehesabu pumzi zake ni mimi."

Akasimama, akajifuta uso, akavaa kofia, akarudi ndani bila kugeuka nyuma. Fundi akabaki peke yake kwenye benchi, mwanamume aliyeposa, akakubaliwa na kuachwa ndani ya dakika moja, na katika maisha yake yote hakuwahi kufurahi kuachwa kama siku ile.